Kazi ya dola moja iliyomla mjomba kila mwezi

"Mjomba, nimepata kazi!"

Ndivyo mpwa wangu alivyoniambia kwa simu jioni moja mwaka wa 2024, yeye akiwa kwao Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, nami nikiwa Mombasa nimebanana na abiria wenzangu ndani ya matatu. Binti huyo alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Matokeo yake hayakuwa mabaya, ila karo ya chuo ndiyo iliyokuwa haijulikani itatoka wapi. Mamake, ambaye ni dada yangu wa kufuatana, husuka vikapu vya mkonge. Mahindi ya msimu ule walikuwa wameyala ndovu, usiku mmoja tu, hata mabua hawakusaza.

"Kazi gani hiyo, mama?" nikamuuliza.

"Ya kunakili maandishi, Mjomba. Si lazima uwe na tarakilishi, hata simu inatosha. Unakaa kwenu nyumbani, wanakulipa dola kumi na tano kwa saa. Wanachotaka ni kuhakikisha tu kwamba mimi ni mtu wa kweli. Dola moja. Lakini lazima ilipwe kwa kadi ya benki, na mama hana kadi."

Mama hana kadi, ila mjomba anayo. Msomaji, bila shaka unaona hadithi inakoelekea, na ningependa kusema kwamba nami niliona. Sikuona. Dola moja wakati huo ilikuwa kama Sh130, pesa ambazo mjini hazikupi hata chakula cha mchana cha kushiba. Nilimsomea binti nambari kumi na sita za kadi yangu, kisha mwezi na mwaka, kisha zile nambari tatu za nyuma. Benki iliponiletea nambari ya kuthibitisha malipo, nikamsomea hiyo pia, huku abiria wa kando yangu akisikia yote. (Huyo abiria, popote alipo, namshukuru kwa uaminifu wake.)

Kazi yenyewe haikuonekana. Mpwa wangu alifunguliwa ukurasa wenye jina lake, akapewa masomo ya utangulizi ambayo hayakuwa na la maana ndani yake, na alipoyamaliza akaambiwa asubiri zamu ya kupewa kazi. Akasubiri. Wiki zilipopita bila jibu aliona haya kunieleza, nami kwa upande wangu nilikuwa nimekwisha kusahau.

Mwezi wa tatu nilikwenda benki kutoa pesa za karo ya mwanangu, nikakuta zimepungua kwa zaidi ya Sh15,000. Mbuzi wawili wazuri hao! Nilikwenda kwenye dirisha nikiwa nimepandisha sauti, tayari kugombana. Mhudumu, kijana mpole, akanichapishia taarifa ya akaunti na kuniwekea kidole kwenye mistari mitatu inayofanana.

"Mzee, kuna kampuni ya ng'ambo inayokukata dola 39 kila mwezi."

"Nani ameipa ruhusa?"

"Wewe."

Ujumbe wa makato hayo uliletwa kwenye simu yangu, sikatai. Lakini benki ile hunitumia jumbe nyingi sana za kunibembeleza nichukue mkopo, hata nimezoea kuzifuta zote bila kuzisoma. Ndivyo pesa za karo zilivyoondoka mbele ya macho yangu, mara tatu.

MAANDISHI YA KIJIVU

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari hadi Maungu, nikaacha barabara kuu ya Nairobi na Mombasa na kushika ile ya vumbi ipitayo Buguta kwenda Kasigau. Nilitaka nione kwa macho yangu mahali nilipotoa ruhusa hiyo. Mpwa wangu alifungua ule ukurasa kwenye simu yake. Juu kulikuwa na picha ya mama mwenye furaha akiwa na mtoto pajani, na maandishi makubwa yaliyosema anza leo kwa dola moja. Chini yake palikuwa na kitufe cha kijani. Chini kabisa, mahali ambapo kidole hakifiki kwa sababu kitufe kimekwisha kubonyezwa, kulikuwa na maandishi madogo ya rangi ya kijivu juu ya weupe. Tuliyakuza kwa vidole viwili ndipo tukayasoma.

Yalisema hivi, kwa ufupi: ukibonyeza hapo umekubali kujiunga kwa majaribio ya siku saba. Baada ya siku hizo utakatwa dola 39 kila mwezi mpaka utakapojiondoa. Kujiondoa ni kwa kupiga simu tu, nambari ya ng'ambo, saa za kazi za huko kwao, yaani wakati ambapo Rukanga watu wanakula chakula cha jioni. Dakika za kusubiri kwenye laini utalipa mwenyewe.

Dada yangu, aliyekuwa akisuka huku anatusikiliza, aliuliza swali ambalo mimi niliyesoma sikuwa nimeliuliza. "Sasa hawa, kama wanataka mfanyakazi, mbona wanamwandikia mwajiriwa mambo ya kujiondoa kama mteja?"

Hapo ndipo penye siri yote. Mpwa wangu hakuwahi kuwa mfanyakazi wa watu hao hata kwa dakika moja. Alikuwa mteja aliyenunua masomo, na kadi yangu ndiyo iliyokuwa pochi yake. Ukinunua kitu dukani kwa kadi, pesa hukatwa mara moja na shughuli ikaisha. Lakini ukikubali malipo ya kila mwezi, kampuni huihifadhi kadi hiyo katika mitambo yake, na kila tarehe ikifika huiomba benki pesa bila kukuuliza. Ile nambari ya kuthibitisha hudaiwa siku ya kwanza tu. Yanayofuata benki huyaona kuwa ni mwendelezo wa mapatano uliyoyakubali mwenyewe.

Na kiasi chenyewe kimepimwa. Mwizi akichukua dola 500 kwa mara moja utapiga mayowe siku hiyo hiyo. Dola 39 hupita polepole kama mchwa ukutani, na wengi huzigundua, kama mimi, wakati wana haja kubwa ya pesa.

Huenda msomaji wa mjini akasema kwamba hawa walidanganyika kwa kuwa wanakaa mbali na mji. Kwanza, aliyetoa kadi ni mtu wa mjini. Pili, Kasigau ni mahali ambapo jambo kama hilo lina kila sababu ya kuaminika. Tangu mwaka wa 2011 misitu ya ukanda huu imekuwa ikiingiza pesa kwa kuuza hewa: mradi wa Wildlife Works wa kuhifadhi msitu wa Kasigau ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kuidhinishiwa hati za kaboni chini ya kanuni za kimataifa za VCS, na makampuni ya mbali yakazinunua. Wako watoto wa Kasigau waliosomeshwa kwa basari zilizotokana na pesa hizo. Sasa mtu ambaye ameona karo ikilipwa na wageni wasioonekana, kwa bidhaa isiyoshikika, kwa nini asiamini kwamba mgeni mwingine asiyeonekana atamlipa kwa kunakili maandishi? Walaghai wanategemea matumaini ya namna hiyo kila mahali. Mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi anayengoja pesa za mkopo wa HELB huanguka kwenye mtego ule ule, tena na wenzake wa chumba kimoja.

GOOGLE ISIYO GOOGLE

Mbinu hii si ngeni. Mwaka wa 2009 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara, FTC, iliishtaki kampuni iliyoitwa Infusion Media ambayo ilikuwa ikijitangaza kwa majina kama Google Money Tree. Haikuwa na uhusiano wowote na Google. Iliwaahidi watu kwamba wakifanya kazi nyumbani wataweza kupata zaidi ya dola 100,000 katika miezi sita, na kilichohitajika ni dola 3.88 tu, gharama ya kuletewa vifaa vya kuanzia. Waliolipa hizo dola tatu na senti hawakuelezwa waziwazi kwamba wangekatwa dola 72.21 kila mwezi. Mwaka uliofuata, 2010, Marekani ilipitisha sheria inayomtaka anayeuza kwa mtandao wa intaneti aeleze masharti yote kabla hajachukua nambari za kadi, apate kibali cha mnunuzi kwa uwazi, na aweke njia rahisi ya kujiondoa. Hata hivyo, mtego umeendelea kubadilisha jina.

Kwetu Afrika Mashariki wako wanaoikumbuka TelexFree, ambayo makao yake yalikuwa jimbo la Massachusetts. Hiyo ilikuwa ya sura nyingine, maana ilikuwa upatu, lakini vazi lake lilikuwa lile lile la kazi ya nyumbani. Ulilipa dola 339, kisha kila siku ukabandika tangazo kwenye mtandao, ukaahidiwa dola 20 kwa wiki. Ilifika hadi Rwanda, ambako ilipigwa marufuku mwaka wa 2014, mwaka ambao kampuni yenyewe ilianguka. Mmoja wa waanzilishi wake, James Merrill, alihukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka wa 2017. Pesa zilizolipa wiki za mwanzo zilitoka kwa waliojiunga baadaye. Matangazo yale hayakuwa na faida kwa mtu yeyote.

MILANGO YA KWETU

Wengi wetu hatuna kadi za benki, na walaghai wanalijua hilo. Wana milango mingine.

Wa kwanza ni salio la simu, au kredo kama wasemavyo vijana. Unaletewa arafa kutoka nambari fupi ya tarakimu tano: jibu neno fulani upokee nafasi za kazi kila siku. Ukijibu umejiunga. Tuseme kila ujumbe ni Sh10. Kwa mwezi ni Sh300, na kwa mwaka ni Sh3,650, kwa matangazo ya kazi ambayo pengine umekwisha kuyaona bure ukutani mwa ofisi ya chifu. Mzazi anamtumia mtoto kredo ya Sh50 asubuhi, mchana mtoto anasema haina kitu, mzazi anaanza kumgombeza kwa kupiga domo. Kabla ya kugomba, itazameni simu pamoja. Kwa kawaida hujiondoa kwa kutuma neno STOP kwa nambari ile ile iliyoleta ujumbe. Ikikataa, ipigie kampuni ya simu uitake ikuondoe katika huduma zote za kulipia, nayo ikikupuuza peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Usiache kwa kuona ni shilingi kumi.

Wa pili ni M-Pesa. Hapa mlaghai hawezi kukukata bila wewe kutia nambari yako ya siri, kwa hiyo hutumia ulimi. Leo ni Sh250 za usajili. Kesho umefaulu mahojiano, toa Sh500 za kufungua akaunti yako ya mshahara. Keshokutwa mshahara uko tayari lakini umezuiwa na kodi, toa Sh1,200. Haya nayo ni makato ya mara kwa mara, ila yanakatwa na mkono wako mwenyewe, kwa sababu kila mara unatuma ili usipoteze ulizokwisha kutuma. Na tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa isiyoshikika mkononi, ya kulipia vitu vya ng'ambo, hivyo hata yule ambaye hajawahi kufungua akaunti ya benki sasa anaweza kuandika nambari za kadi kwenye kurasa kama ule wa mpwa wangu. Ni huduma nzuri. Lakini ukiitumia, usiweke kwenye laini hiyo pesa zaidi ya zile unazokusudia kulipa.

Je, basi kazi za mtandaoni zote ni uongo? La. Ningesema hivyo ningekuwa nawakosea maelfu ya vijana wanaokula jasho lao kwa tarakilishi. Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka wa 2016, na mafunzo yake ni ya bure. Kunakili sauti na maandishi ni kazi ya kweli. Kutambulisha picha kwa ajili ya mashine za akili unde ni kazi ya kweli, ingawa haina dhamana: waliokuwa wakifanya kazi kupitia Remotasks walijionea mwezi Machi 2024 ilipofunga shughuli zake Kenya kwa ghafla. Hata kusema kwamba kazi halali haiombi chochote si sahihi kabisa. Upwork, ambayo ni soko kubwa la kazi hizi, huuza tiketi za kuombea kazi na huwa na uanachama wa kila mwezi kwa anayeutaka. Tofauti ni kwamba bei iko wazi kabla hujalipa, uanachama si lazima, na ada yake nyingine hukatwa kwenye malipo ambayo umekwisha kuyapata.

Nami hupenda kipimo cha dada yangu. Anayenunua vikapu vyake humlipa kwa kikapu. Akija mtu akasema nipe kwanza Sh200 ndipo nikununulie, hata akiwa amevaa tai, ataondoka na tai yake.

UKIISHA KUUMWA

Mimi nilifanya makosa mawili baada ya kugundua, na huenda yakakufaa. Kosa la kwanza, nilitaka tu kadi ifutwe nipewe nyingine, nikadhani mambo yamekwisha. Yule kijana wa benki alinizuia. Alinieleza kwamba zipo taratibu za makampuni ya kadi zinazoweza kumpelekea mfanyabiashara nambari mpya, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Kwa hiyo mbali na kubadilisha kadi, iambie benki kwa maandishi kwamba umeondoa kibali kwa kampuni hiyo kwa jina, na hutaki iruhusiwe tena. Iandikie pia kampuni yenyewe barua pepe ya kujiondoa, na uhifadhi nakala hata kama haijibu. Ukurasa ule upige picha kabla haujabadilishwa.

Kosa la pili lilikuwa kukawia. Makato uliyokatwa bila kuelezwa vyema yanaweza kupingwa kupitia benki, ambayo huyadai kwa benki ya mfanyabiashara, lakini kuna muda wake, mara nyingi siku 120. Makato yangu ya kwanza yalikuwa yakikaribia kuzeeka. Tulijaza fomu, tukaambatisha picha za yale maandishi ya kijivu, na baada ya wiki kadhaa nikarudishiwa makato mawili kati ya matatu. La tatu nimelihesabu kuwa ni karo yangu mwenyewe.

Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji bidhaa, ya mwaka wa 2012, inataka anayefanya mapatano kwa njia ya intaneti akueleze masharti na akupe nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa, na asipofanya hivyo unaweza kuyavunja mapatano. Ni sheria nzuri ya kuitaja kwenye barua yako kwa benki. Kumfikisha mahakamani Voi mtu asiyejulikana alipo ng'ambo ni jambo jingine. Lakini aliyekulaghai kwa laini ya hapa nchini anafikika: wateja wa Safaricom hupeleka jumbe za ulaghai kwa nambari 333, na pesa zilizokwenda pasipofaa zinaweza kuombwa zirudishwe kwa kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456, ukiwahi kabla hazijatolewa.

Mpwa wangu alilia siku ile. Hakulilia pesa, alililia aibu, akiona kwamba amemwibia mjomba. Nilimwambia kwamba nambari nilizisoma kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kwa sauti, matatu nzima ikisikia. Mamake alimwambia maneno makali zaidi kwa Kikasigau ambayo sitayaandika hapa, kisha akampa mkonge amsaidie kusuka.

Mwezi uliopita alinipigia tena simu. Nikakaa kitako.

"Mjomba, nimeona kazi nyingine. Ya kuingiza takwimu. Lakini hawa wanataka Sh150 za fomu."

"Ukawaambiaje, mama?"

"Nimewaambia wazikate kwenye mshahara wangu wa kwanza."

"Wakasemaje?"

"Hawajajibu, Mjomba. Leo ni siku ya nne."